Niliitwa Ofisini, Nikakimbilia Shambani

Nawasalimu katika jina la Bwana, ndugu zangu! Wale wa nyuma mnanisikia? Basi sifa zimwendee Mungu, maana kuna wakati sikufikiri nitasimama mbele ya watu nikiwa na jambo la kusema zaidi ya bei ya viazi.

Mnanijua. Mimi ni Tabitha, binti wa Mzee Kariuki wa kule njia ya Burnt Forest. Mnajua pia mimi si mtu wa kulia lia mbele ya kanisa. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso, nikamwangalia mkunga kana kwamba amechelewa kazini. Kwa hivyo mkiona sitoi machozi, msidhani sikuguswa. Nitasema mambo yalivyokuwa, na Mungu atajichukulia utukufu wake.

Nianze na baba. Kabla ya Uhuru alikuwa kibarua katika shamba la mzungu, na sisi tulikaa kwenye nyumba za vibarua karibu na zizi. Pale shambani kuitwa ofisini kulikuwa na maana moja tu. Nyapara anakuja, anasema, "Kariuki, ofisini," na wanawake wote wananyamaza. Mtu alivua kofia akiwa bado kwake, akaenda nayo mkononi. Akirudi, ama amechapwa, ama amefutwa kazi.

Nilikuwa bado sijaanza shule siku baba alipoitwa hivyo. Alirudi akamwambia mama, "Teremsha sufuria." Maharagwe yalikuwa hayajaiva. Tuliondoka nayo mabichi, mama amebeba sufuria kichwani, mimi nyuma yake nalia njaa. Hakuna aliyeniambia kosa la baba lilikuwa gani. Hata leo baba mwenyewe hajui.

Halafu Uhuru ukaja. Wazungu wengine wakaanza kurudi kwao, na watu wetu wakajiunga, wakachanga, wakanunua shamba zima, wakagawana kwa kura. Baba akaokota karatasi yake, akapata kipande cha mteremkoni, mawe juu, udongo mzuri chini. Siku tulipopigilia vigingi alisema, "Hapa hakuna wa kuniita." Nilimwona akicheka peke yake, akitembea kutoka kigingi hadi kigingi.

Ndugu zangu, huyo ndiye mtu aliyenilea. Na mimi, kwa neema, nilikuwa mzuri wa hesabu. Nikapita mitihani, nikapata nafasi chuo kikuu Nairobi. Kanisa hili likanipa sanduku na blanketi na maombi. Blanketi bado ninalo.

Kule chuoni wakatuingiza katika somo jipya kabisa, somo la kompyuta. Msifikirie kitu cha kuweka mezani. Mashine ilijaza chumba kizima, na chumba chenyewe kilikuwa na baridi kuliko Timboroa. Sisi wanafunzi hatukuigusa. Tuliandika maagizo yetu kwenye kadi ngumu, kila kadi agizo moja, tukizitoboa matundu kwa mashine ndogo yenye kelele. Ukimaliza unafunga kadi zako kwa mpira, unampa karani dirishani, unaenda zako. Kesho yake anakurudishia kadi na karatasi yenye majibu. Ukikosea kadi moja, siku imeenda.

Na kila mwanafunzi alipewa mshauri wa masomo. Wangu alikuwa Bwana Makokha, kijana wa upande wa Bungoma aliyekuwa ametoka kusoma ng'ambo. Siku ya kwanza alituambia, "Mlango wangu uko wazi kila Jumatano. Njooni tuongee." Sasa nani angeenda? Darasa zima tulimwelewa namna moja: huyu ni wa kuwashughulikia waliokosa. Tulikuwa tumesoma shule ambazo ukiingia ofisi ya mwalimu unatoka umeshika nyuma. Jumatano ikifika tulizunguka lile jengo kwa upande wa jikoni ili asituone. Mtu aliyekwama alibaki amekwama, akajifanya ana homa.

Ikafika muhula wa pili. Tulipewa kazi ya kujumlisha mvua ya miezi na kutafuta wastani wake. Nikatoboa kadi zangu, nikaziombea, nikazipeleka. Kesho yake nikafika dirishani. Karani akanitazama juu mpaka chini.

"Ni wewe umemaliza karatasi ya mashine?"

Nikaona nyuma yake lundo la karatasi, limekunjamana, limefika magotini. Kurasa kwa kurasa, jibu lile lile, lile lile! Mashine ilikuwa imeandika bila kukoma mpaka wakaizima kwa mkono. Wenzangu kwenye foleni wakarudi nyuma kidogo, kama watu wanaompisha mgonjwa.

Karani akaongeza, "Mshauri wako anakuita. Ofisini."

Ndugu zangu, sikusikia neno lingine. Mashine ya serikali nimeiharibu! Nikaenda bwenini, nikafunga sanduku langu, nikapanda treni ya kuja Eldoret. Adamu aliposikia anaitwa alijificha kwenye miti ya bustani. Mimi nilijificha kwenye mahindi ya baba.

Nyumbani niliwaambia, "Nimefukuzwa." Sikuona kama nadanganya. Nilikuwa nimeitwa ofisini, na kuitwa ndiko kufukuzwa. Mama akashika kichwa. Baba hakuniuliza kitu. Alinipa jembe, maana mvua zilikuwa zimeanza na mstari wa juu ulikuwa haujapandwa. Nikapanda. Siku zikaenda, wiki zikaenda. Wenzangu walikuwa wanakaribia mitihani, na asiyeifanya anapoteza nafasi yake kabisa. Nililijua hilo kila nikiinua jembe. Mjomba wangu mmoja alipita, akasema, "Afadhali abaki. Msichana na mashine wapi na wapi?" Nikamjibu vibaya. Lakini moyoni nilisema labda yeye ndiye amesema kweli, na hilo likaniuma kuliko kufukuzwa.

Mama akachoka kulia, akamwita Mzee Ezekieli aje aniombee. Mnamkumbuka Mzee Ezekieli, yule fundi wa nguo wa mtaa wa West Indies pale Eldoret, mzee wa kanisa hili, aliyekuwa akiomba mpaka bati linatetemeka. Akaja na Biblia yake kwapani. Tukapiga magoti wote, tukafumba macho. Tukangoja aanze. Nikafumbua jicho moja nikamwona ananiangalia.

"Binti yangu," akasema, "kabla sijaanza. Huyo mwalimu alikufukuza kwa maneno gani?"

"Hakusema, Mzee. Aliniita tu."

"Akakuita, ukaenda, akasemaje?"

"Sikwenda."

Mzee akainuka kutoka magotini, taratibu, akishikilia kiti.

"Sasa hapa mimi niombe nini? Niseme, 'Bwana, ondoa jambo ambalo hatulijui'? Mama Tabitha, huyu mtoto hajafukuzwa. Huyu ametoroka!"

Mama akasema, "Uuui!" Baba akageuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

"Kwanza aende akaitike," Mzee akasema. "Maombi tutayafanya njiani."

Hapo ndipo baba alipofungua mdomo. Kwetu mtoto hajitetei mwenyewe mbele ya mkubwa. Unatafutiwa watu wazima wa kusema kwa niaba yako, na hawaendi mikono mitupu. Baba akasema, "Haendi peke yake." Akaenda kukamata jogoo.

Basi tukapanda treni pale Eldoret, watu watatu, kikapu cha viazi na jogoo aliyefungwa miguu. Mzee Ezekieli alilihubiria behewa zima hadi Nakuru. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mimi niliwaza tu vile nitakavyoaibishwa mbele ya baba, na baba mbele yangu.

Tulipofika chuoni, miguu ikanigoma kwenye korido. Nasema kweli, ilikataa. Nikasali sala fupi sana: "Bwana, kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimesimama." Nikainua macho, nikamwona baba. Alikuwa ameshavua kofia. Ameishika mkononi, kama vile nyapara ndiye amemwita. Baba yangu, ndugu zangu! Mtu aliyeng'oa mawe yale peke yake! Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na bado amesafiri mpaka hapo. Akagonga mlango yeye.

Bwana Makokha alikuwa ameketi mbele ya vitabu. Alipomwona mzee mlangoni, akasimama mara moja. Akatoa kiti chake mwenyewe, akakimbia chumba cha jirani kutafuta vingine. Baba hakukaa. Alisema aliyokuja kusema.

"Mwalimu, sisi ni watu wa shamba. Huyu ni mtoto wetu. Tumesikia ameharibu mashine ya serikali. Hatukuja kubishana. Kama kuna adhabu, tupe sisi tuliomlea, lakini yeye mrudishe darasani."

Bwana Makokha akamwangalia baba, akaniangalia mimi, akamwangalia jogoo.

"Mashine gani imeharibika, Mzee?"

Akafungua kabati, akatoa karatasi zangu, siyo lundo lote, chache tu. Akaniita karibu. "Tabitha, hesabu yako ni sawa. Umeipanga vizuri kuliko wengi darasani. Umeiambia mashine irudie kujumlisha, lakini hukuiambia iache lini. Unaongeza kadi moja tu, hapa. Nilikuita nikuonyeshe mahali pa kuiweka."

Hiyo tu! Kadi moja! Niliona aibu, nikaona hasira, halafu nikataka kucheka, yote kwa pamoja.

Baba akainama juu ya karatasi. "Kwa hivyo ni kama ng'ombe wa plau," akasema. "Usipomwambia geuka, anakwenda kulima kwa jirani."

"Ndivyo hasa, Mzee," Bwana Makokha akasema. "Kaa basi, tafadhali."

Baba akakaa. Mzee Ezekieli akapaza sauti, "Haleluya!" na jogoo akaitikia, mpaka mtu wa ofisi ya pili akachungulia. Ikaletwa chai. Tukiwa tunakunywa, yule mwalimu akageuza kikombe chake mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Wazee wangu, niwaulize jambo. Tangu nianze kazi hapa, hakuna mwanafunzi hata mmoja amekuja kwangu kwa hiari yake. Nakaa hapa kila Jumatano peke yangu. Niliona wananidharau kwa sababu mimi ni kijana. Nimeanza kutafuta kazi mahali pengine."

Mzee Ezekieli akacheka mpaka akakohoa. "Wakudharau? Mwanangu, wanakuogopa kama nyapara!"

Bwana Makokha hakuelewa. Basi baba akamweleza. Alimwambia habari ya ofisi ya shamba, ya kofia mkononi, ya sufuria iliyoteremshwa. Sijawahi kumsikia baba akilisema jambo lile kwa mtu yeyote, na hapo alikuwa analisema kwa mtu anayeweza kuwa mwanawe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kuazima na kumpa yeye kile kizuri. Kijana yule hakumkatiza hata mara moja.

Wiki iliyofuata, ndugu zangu, Bwana Makokha alifunga ofisi yake siku ya Jumatano. Akaleta kiti, akakaa katikati ya mashine za kutoboa kadi, kelele na yote. Mtu akikwama, anamwuliza palepale. Mwanzoni tulikuwa tunanong'ona. Kabla ya mitihani tulikuwa tunamgombania. Mimi niliongeza kadi yangu, jibu likatoka kwenye ukurasa mmoja, nikafanya mitihani, nikapita. Yeye hakuondoka. Mungu alifanya hayo yote kwa hatua moja ambayo mimi sikutaka kuipiga.

Lakini siyo hilo lililonifanya nisimame leo. Tulipotoka ofisini siku ile, baba alitangulia kwenye ngazi. Katikati akasimama, akashika ukuta.

"Tabitha," akasema, "nimeingia ofisi ya mkubwa. Akasimama yeye, nikakaa mimi."

Akavaa kofia yake, humo humo ndani ya jengo, akalia. Mimi niliangalia dirishani, maana mtu mzima akilia anahitaji nafasi. Ila nilifurahi! Nilifurahi mpaka kifua kikauma. Nilikuwa nimekuja kufunguliwa mimi, kumbe Bwana alikuwa na mfungwa mwingine wa siku nyingi, na alimfungua kwanza yeye. Amekaa pale benchi la tatu. Anajifanya anatafuta miwani.

Leo nafundisha vijana kuiandikia mashine, na wengine nimekabidhiwa niwashauri. Simtumi karani kumwita mtu. Naenda alipo, navuta kiti, namwuliza amekwama wapi. Wengi hukwama mahali padogo sana. Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi, namshukuru Mzee Ezekieli aliyekataa kuniombea nikiwa nimejificha. Alale salama.

Na kuna mtu humu ndani leo ambaye Bwana amemwita. Amesikia vizuri kabisa. Tangu hapo amekuwa akipitia upande wa jikoni, kwa sababu maisha yake yote kila aliyemwita alikuwa na fimbo. Ndugu yangu, dada yangu, nakuelewa. Sitakwambia usiogope, maana hata mimi niliogopa, na baba aliogopa, na tulifika tukiwa tunaogopa. Inuka tu uende. Na kama miguu imekataa, nionyeshe mkono hapo ulipo. Nitashuka hapa sasa hivi, nikusindikize mimi.