Mama Kioo na Jino la Kwanza la Kipimo

Kabla ya pongezi, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: lile jino lililopotea mwezi wa pili nililichukua mimi.

Mama Kioo anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusafisha meno katika kliniki yetu. Mimi nina miezi sita tu hapa mapokezi, tangu nimalize shule. Daktari amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, anasema, nina mwandiko mzuri na maneno machache.

Mama Kioo alianza kwa kufua mashuka na kuchemsha vifaa. Daktari wa wakati ule akaona kuwa wagonjwa waoga walitulia kila alipopita karibu, akampeleka kusoma. Alirudi na utaratibu wake mwenyewe: kila anayeketi kwenye kiti hupewa kwanza kioo cha mkononi na kuombwa acheke. Hapo ndipo jina lake lilipotoka, na wengi wetu hatujui lingine.

Ana pia kipimo cha rangi, ukanda wenye meno ya mfano kumi na sita, kuanzia jeupe kabisa hadi la rangi ya chai. Hulinganisha, huandika namba kwenye kadi, husafisha, kisha hulinganisha tena. Mwalimu mmoja mzee alikuja wiki moja kabla ya harusi ya bintiye, akitaka meno meupe kama karatasi. Mama Kioo hakumdanganya. Madoa ya chai na sigara yanakaa juu, alimweleza, hayo nitayatoa. Lakini umri hula ule weupe wa nje, na manjano ya ndani hujitokeza; hayo ni ya daktari na dawa yake, pole pole, na si kila jino hukubali. Akafanya kazi saa nzima. Mzee alipopewa kioo aligeuza uso huku na huku, akasema, "Kumbe huyu bado yupo!" Tumesikia kwamba harusini alicheka mpaka wakwe wakauliza ana nini.

Wagonjwa humchokoza kwamba meno yake mwenyewe ni ya manjano. Hujibu, "Yametafuna miaka sitini, mwanangu. Yakiwa meupe kama ya mtoto, wajukuu wataniuliza nimeyaazima kwa nani."

Sasa lile jino. Tangu utotoni hucheka nikiwa nimeziba mdomo, kwa sababu meno yangu yana mabaka ya kahawia. Jioni moja nilichomoa jino namba moja, lile jeupe kabisa, kwenye kipimo, nikaenda nalo nyumbani kujilinganisha. Wiki nzima nilisugua kwa limau na mkaa nikiufukuzia weupe wake. Mabaka hayakutoka, ila maji ya baridi yalianza kunichoma.

Mama Kioo alinikuta katika jiko la kliniki nikipasha moto maji ya kunywa. Akanitazama kidogo tu. "Binti, umetia limau. Meno si sufuria." Alinipa mswaki laini na dawa ya meno yanayouma, na baada ya wiki tatu akanisafisha yeye mwenyewe. Mabaka mawili yamebaki. Alisema hayo yako ndani ya jino, kwa hiyo nizoeane nayo.

Jino lenyewe nilikuwa nimeshalirudisha kimya kimya kwenye droo kabla ya hapo. Lakini kwa siku tisa alikuwa amelitafuta, hata kwa kupiga magoti chini ya viti, na lilipoonekana aliwaambia wote kwamba macho yake nayo yameomba kustaafu. Kila mtu alicheka. Mimi nilicheka nimeziba mdomo. Macho yake hayana kosa lolote, ndiyo yaliyoniona kule jikoni.

Mama Kioo, asante kwa kila mdomo ulioufungua bila kuuaibisha, na huu wangu hasa. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, wajukuu wasiokimbia mswaki, na ile chai ya rangi uliyojinyima mbele ya wagonjwa miaka yote hii.

Nakala yake ya wasifu huu ninayo mimi. Nitampa siku ya kumuaga, baada ya picha ya pamoja, nikishamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, mdomo ambao siku hiyo nimeamua kutouziba. Mpaka hapo, ndugu msomaji, tafadhali nitunzie siri.