Nani Atashika Miguu ya Mbuzi

Sogeeni kitandani, wanangu, na mtu asinikatishe, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya mazungumzo haya tu na sina nia ya kuimaliza kwa kukohoa. Haika, kaa hapa kushoto kwangu. Eliakim, vuta kiti, uache kusimama mlangoni kama bawabu. Na wewe Jedidah, muuguzi wangu, najua kazi yako ni kunipa dawa nilale, lakini iweke kwanza hiyo dawa, toka nje umwambie Swalehe, mume wa Haika, kwamba baba mkwe wake anamwita, azime gari aingie ndani. Mtu mzima amejifungia garini na theluji yote hii ya Golden Valley, Minnesota, nje ya nyumba ya wakwe zake, anaogopa kugonga mlango! Loo, nimeishi kuyaona.

Haya, ameingia. Karibu, mkwe wangu. Kaa hapo karibu na shemeji yako, hatakung'ata, meno yake yote yana bima.

Wanangu, mimi nakufa kwa figo, sifi kwa hasira. Lakini kama kuna kitu kinachonichefua kuliko hizi figo, ni ninyi wanaume wawili. Mmenitia kinyaa, na nasema mkisikia. Tangu Pasaka hadi leo nikifumba macho naliona lile sufuria. Mbuzi tulimnunua kwenye shamba la yule mzee Mhmong, mkimbizi wa kutoka Laos, kusini mwa Saint Paul, Swalehe akamchinja kwa bismillahi yake, Haika akaamka alfajiri kupika pilau, nyumba nzima ikanukia. Na wewe Eliakim, mwenye kitambulisho cha ofisi ya Eden Prairie shingoni, ukalibeba sufuria la marehemu mama yako mpaka gereji, ukalimwaga kwenye pipa la taka mbele ya wageni, ukisema Mkristo hali nyama iliyosomewa na Mwislamu. Pilau ya moto! Halafu wewe Swalehe, badala ya kukumbuka kwamba umeoa hapa, ukajibu kwamba wajukuu wa Salahuddini bado wako hai, na yaliyowapata watu wa msalaba kule Hattini yatawapata tena. Ukamchukua mwanangu mkaondoka, hukukanyaga hapa mpaka leo.

Salahuddini! Hattini! Jikoni kwangu! Mmoja kakulia Upare, mwingine Lushoto, milima inayotazamana, leo wamevaa soksi za sufu Marekani wanapigana vita vya watu waliokufa kabla babu wa babu zao hawajazaliwa, na pilau iko kwenye taka.

Mimi nimevifundisha hivyo Vita vya Msalaba kule Same mpaka vumbi la chaki likanikaa kifuani, na sikuwahi kumaliza somo lile bila kutamani kunawa mikono. Eliakim, umebandika ngao ya msalaba mwekundu nyuma ya gari lako, umeitoa kwenye video za simu. Je, hizo video zilikuambia walichofanya hao mashujaa wako kabla hawajamwona hata Mwislamu mmoja? Walianza na Wayahudi wa kandokando ya mto Rhine, wakawaua na watoto wao. Kule Maara, mji wa Shamu, njaa ilipowabana wakala maiti, na walioandika habari hiyo ni watu wao wenyewe. Yerusalemu waliua mji mzima, kisha wakanawa, wakaenda kaburini kwa Bwana kusali huku wakilia kwa furaha. Baadaye wakauvamia Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao, wakapora hadi madhabahu. Hao ndio unaowabandika kwenye gari la kumpelekea mtoto shule! Na wewe Swalehe usitabasamu, zamu yako imefika. Salahuddini wako alikuwa na huruma yake pale Yerusalemu, hilo silikatai, wanafunzi wangu walilikariri. Lakini baada ya vita vya Hattini, mateka wa wale askari watawa walikatwa vichwa na wacha Mungu walioomba wenyewe wapewe kazi hiyo, watu wa tasbihi wasiojua hata kushika upanga, anapiga huyu hakati, anaitwa mwingine, na waliokaa kutazama wanacheka. Wanacheka, Swalehe! Huo ndio urithi mnaougombania nyie wawili. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Unasemaje, Eliakim? Wao ndio walioanza? Mnamsikia huyu? Mwanamume mwenye mvi kidevuni! Neno hilo nililisikia kwa watoto wa kidato cha pili wakigombea dawati, na nikawapeleka wote wakafyeke nyasi. Nyamaza, baba yako anakufa.

Nipe maji, Haika. Kidogo tu. Asante, mama.

Baba yangu alizaa wanaume wawili. Kaka yangu Idirisa alilelewa na mjomba, akasoma Korani. Mimi nikapelekwa misheni, nikabatizwa Zachariah, na hapakuwa na aliyelia. Kila Krismasi Idirisa alipanda mlima na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, akachinja yeye, mimi nikashika miguu, kwa sababu ukoo wetu ulikuwa wa dini zote mbili na mama hakutaka mtu akae uani kwake na sahani tupu. Basi, ndiyo sababu yote hiyo, hapakuwa na sheikh wala askofu aliyeulizwa. Idi ikifika nilishuka kwake nikala mpaka nikalegeza mkanda. Mzee mmoja wa kanisa alinitenga na meza ya Bwana kwa ajili hiyo, Mungu amrehemu, maana mimi bado sijamrehemu. Nilitengwa, nikarudishwa, na Idi iliyofuata nikaenda tena kula.

Sasa shikeni wosia. Nyumba hii ni ya Eliakim na Haika, sawa kwa sawa, na asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba dini yake imempunguzia chumba. Vitabu vyangu vya historia achukue Haika, hawa wawili wameshaonyesha kwamba hawajui kusoma. Kisu cha Idirisa, kile nilichokuja nacho kwenye sanduku, ni cha Swalehe. Sufuria la mama yenu Bernadetha ni la Eliakim, na ulisugue vizuri, bado naisikia harufu ya lile pipa.

Nizikeni hapa hapa Minnesota, kando ya mama yenu, msihangaike kunisafirisha. Watakuja watu wa kanisani, watakuja Wakenya na Watanzania wetu, na watakuja wale wazee wa Kisomali wa mtaa wa Cedar ninaokunywa nao chai, wameniahidi kuja na baridi yao na magoti yao mabovu. Watu hao wote watakula chakula kimoja. Mtakwenda kwa yule mzee Mhmong mchukue mbuzi, Swalehe atachinja, na wewe Eliakim, mwanangu wa kwanza, utashika miguu kama nilivyoishika mimi. Mkishindwa, msipike kitu. Msiba wangu uishe kwa njaa, na Eliakim usimame pale kaburini uwaambie watu kwa sauti kwa nini msiba wa Mwalimu Zachariah hauna hata uji. Nataka aibu hiyo uibebe mwenyewe, usimwachie dada yako.

Usilie, Haika. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kapu lako liweke karibu.

Hapana, Jedidah, bado. Kwanza nimeteleza, mto umenikimbia, mgongo unauma. Usiniinue wewe, una mgongo wako wa kazi. Kuna wanaume wawili humu. Swalehe, njoo upande wa kichwani, unishike mabegani, mwanangu. Eliakim... shika miguu.

Nimesema shika miguu.

Eliakim. Shemeji yako ameshanishika, anakungoja.

Ehee. Kaza. Mikono yako ina baridi, wewe mtoto... haya, pamoja, inueni. Taratibu. Hivyo hivyo. Na mbuzi naye anashikwa hivyo hivyo, hakuna ufundi mwingine.

Msiniachie kwanza. Kaeni hivyo hivyo mmenishika. Mungu wa baba yangu, ambaye Idirisa alimwita kwa jina lake na mimi kwa langu, awape riziki ya kutosha wageni, awape watoto wenye masikio... awaondolee... nimesahau nilitaka awaondolee nini, ninyi mnajua. Haika, mama, umeweka mchele wa kutosha? Wasomali wanakula... Eliakim, usiachie.