Shangazi Twende, Aliyetushikia Nafasi kwenye Foleni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni kidogo kelele za vyombo, maana tunayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ni mama mmoja msusi. Wengi mlimwita Shangazi Twende. Alitutoka mwezi uliopita, kwa saratani ya titi.

Shangazi Twende alikuwa mjane. Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, na mlangoni aliweka kiti cha kusukia. Binti yake wa pekee aliolewa mji wa mbali. Walisalimiana kwa simu, mtandao ukikubali.

Safari zake za hospitali zilianza na jicho. Jicho la kushoto liliingia ukungu, na msusi asiyeona atasukaje? Alikwenda hospitali kubwa, akatajiwa gharama ya upasuaji, akatoka na kuegemea ukuta wa nje. Mlinzi wa getini akamwona anajifuta uso kwa mtandio.

"Mama, umefiwa?"

"Bado. Ila jicho limeanza kuaga."

Mlinzi alicheka, kisha akamwelekeza. Upande wa pili wa mji kuna zahanati ya shirika la hisani, macho yanatibiwa bure. Shangazi alizunguka kutwa akiulizia. Huku walimwambia imehamishwa, kule hawakuwahi kuisikia. Aliipata jioni, mlango umefungwa. Kesho yake akarudi. Jicho likatibiwa. Bure.

Tangu hapo, mteja akilalamika maumivu, Shangazi hakuishia kusema pole. Alisema, "Twende." Alijua ofisi ya ustawi wa jamii wanakoombea msamaha wa malipo. Alijua kliniki yenye dawa za presha za bei nafuu. Asichokijua aliuliza; kuuliza si ujinga.

Jirani yake, fundi viatu, alikuwa na kidonda cha mguu kisichosikia dawa. Anasimulia: "Daktari akataja kukata. Nikainuka nitoroke. Shangazi akanivuta shati. 'Kaa hapo! Kwani viatu unashona kwa mguu?' Nikacheka huku nalia."

Alikaa akatibiwa, na mguu haukukatwa. Ulipona.

Lakini aliyepona ana haraka, wasikilizaji wapendwa. Mgonjwa akitoka kwa daktari, ndugu walimpokea wakaenda naye. Shangazi alirudi peke yake, akapika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama. Wengine hata kusukwa hawakurudi. Wakikutana naye njiani, walivuka barabara. Fundi viatu alimwuliza kama haimuumi.

"Wakiniona wanakumbuka walivyolia," alijibu. "Waache wapite."

Kisha akagusa uvimbe kwenye titi lake. Yeye aliyewakokota wenzake, mwenyewe hakwenda. Aliuficha ndani ya magauni mapana, miezi ikapita. Siku moja fundi viatu akamwona anashindwa kuinua mkono kusuka. Akambana mpaka akasema.

"Sasa mbona ulinyamaza, Shangazi?"

"Ningemwambia nani? Mimi nilizoea kusema twende. Sikujua mtu anaanzaje kusema nipelekeni."

Fundi viatu akafunga kibanda chake, wakaondoka wote wawili. Ilikuwa imechelewa. Wauguzi wa kliniki moja ya hisani wakampa dawa za kutuliza maumivu bila malipo, wakawa wanamtembelea chumbani mpaka mwisho. Binti yake aliwahi kufika, akamkuta bado anaongea.

Tangazo la kifo chake lilisomwa hapa hapa redioni, kwa jina la kwenye kitambulisho. Mlilisikia. Hamkumjua ni nani. Makaburini, viti vilizidi watu.

"Niliona aibu," anasema binti yake. "Nikadhani mama aliishi bila mtu. Fundi viatu ndiye aliyenisimulia habari za wagonjwa wake. Nikamwuliza, basi wako wapi?"

Ndiyo maana leo tunatangaza upya. Marehemu yule ndiye Shangazi Twende. Ndiye yule aliyekushikia nafasi kwenye foleni ulipokwenda chooni. Ndiye aliyekushikia mwanao ukidungwa sindano.

Pole sana binti yetu, na wajukuu. Pole fundi viatu. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki tujiulize. Tulipoumwa, nani alikaa nasi? Kama yu hai, usimpigie simu, maana kwenye simu atakwambia hajambo. Nenda. Bisha hodi, kaa, mtazame usoni, umwulize anaumwa wapi. Akisema haumwi, usiondoke upesi.