MaDlomo, Aliyesomea Ugomvi wa Jua

Dakta Vuyelwa Ngcukana, ambaye wengi wetu tulimwita MaDlomo kwa ukoo wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 wilayani Qumbu. Utotoni alichunga kondoo. Mara nyingi kondoo walirudi wenyewe, maana mchungaji alibaki mlimani akilitazama jua kwa kioo kilichopakwa masizi.

Alisoma shule ya misheni, kisha Chuo Kikuu cha Fort Hare. Alifundisha sekondari hadi mwaka 1992, alipoajiriwa katika kituo cha kuchunguza jua, Hermanus.

Huko alisomea ugomvi. Jua limejaa mistari ya nguvu za sumaku. Inayoelekea upande mmoja hupitana salama. Inayopingana ikibanwa pamoja hukatika, kila mmoja ukaungana na mwenzake wa upande wa pili, na nguvu iliyofungwa humo ikalipuka. Baada ya hapo hutulia. Aliamini kwamba mengi ya hayo huanzia ndani ya jua, kusikoonekana kwa darubini. "Ukiona mlipuko," alizoea kusema, "ujue ugomvi wenyewe ni wa zamani."

Mwaka 1979 aliolewa na Mwalimu Zolile, mtu mwenye ubishi wa kutosha watu wawili. Shangazi yake alimwonya, "Huyu mtabishana hadi kaburini!" Akajibu, "Ndiyo maana namtaka, shangazi." Walijaliwa binti mmoja, Lindelwa.

Mwalimu alifariki hospitalini tarehe 8 Septemba 2017. Wiki hiyo jua lilichafuka, na mkewe alikuwa kituoni. Lindelwa hakumlaumu mama yake kwa neno hata moja. Alihamia Gqeberha, akawa anatuma salamu za Krismasi zenye adabu nyingi. Mama mtu ilimkondesha adabu ile.

Februari 2024 MaDlomo aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Sisi wa nyumbani tuliogopa kimya kile kuliko ugonjwa wenyewe. Mwezi Mei Lindelwa alikuja kumuuguza. "Umeamkaje, Mama?" "Salama, mwanangu." Basi, hayo tu. Alasiri moja mgonjwa akachoka.

"Lindelwa, sema! Adabu hiyo kawape majirani."

"Baba alikuulizia, Mama! Alikuulizia mpaka sauti ikamkauka, na wewe unatazama jua!"

"Nilidhani nitawahi."

"Hukuwahi!"

"Sikuwahi. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Muuguzi alikuja mbio amtoe binti nje. MaDlomo akamzuia: "Mwache, sista. Hii ndiyo kazi niliyosomea." Walilia wote wawili, kisha mgonjwa akaomba umngqusho, mahindi yetu ya kupondwa na maharage, akala sahani nzima. Tulishusha pumzi, jamani.

Alifariki Jumapili, tarehe 26 Mei 2024, kichwa chake kikiwa mapajani mwa bintiye.

Ameacha binti, wajukuu wawili, na mdogo wake Mongezi, anayewasomea wasifu huu. Jana Lindelwa alibishana na wajomba zake kuhusu wimbo wa kufungulia ibada, sauti ikafika barabarani. Hakuna aliyemnyamazisha.

MaDlomo na apumzike kwa amani, maana aliipata akiwa hai.