Mzee Mara Tatu, Fundi wa Triga

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili kati ya sita wa mhunzi na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1957. Huko aliadhibiwa kwa kufungua saa ya ukutani ya darasa, na mwalimu yuleyule akamwita siku ya pili aifungue tena aonyeshe alivyofanya, maana ilikuwa imeanza kwenda sawa. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1968, fani ya vyuma.

Alifanya kazi miaka kumi na moja katika ghala la silaha la askari wa wanyamapori. Mwaka 1979 alipata leseni na kufungua karakana yake. Wateja walimletea bunduki zenye triga nzito, yaani kifyatulio kigumu kuvuta, naye akazilainisha kwa tupa na jiwe la kunolea. Kabla ya kuirudisha bunduki aliikoki, yaani aliitega, ikiwa tupu, akakigonga kitako chake kwenye ubao mara tatu. Pini ya kupigia risasi ikidondoka bila kidole kugusa triga, bunduki hiyo ingeweza kujifyatua, na kazi inaanza upya. Ndipo jina la Mara Tatu lilipotoka.

Alifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984. Mjane wake anasema hata mlango wa choo aliuvuta mara tatu.

Tarehe 3 Juni 1986, akiwa amegonga mara mbili, aliitwa kwamba mkewe ameshikwa na uchungu. Alimkabidhi ile bunduki mwenyewe, askari mmoja wa wanyamapori, akakimbilia hospitali. Akiwa mlangoni mwa leba, akakumbuka hajagonga ya tatu. Alimwacha mkewe na muuguzi, akapanda baiskeli ya mlinzi hadi kambi ya askari. Alilikuta lori la doria likiwa tayari limewashwa, askari wamebanana, bunduki imesimama katikati ya magoti.

"Usiiguse! Shukeni mmoja mmoja!" alipiga kelele.

Walitoa risasi, wakaikoki, akagonga. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Ya tatu, pini ikadondoka yenyewe. Marehemu alikaa chini kwenye vumbi akalia mbele ya watu wazima. Aliporudi hospitalini alimkuta binti yake amekwisha kuzaliwa, na mkewe hakumsemesha siku nne.

Mwaka 2017 mikono ilianza kumtetemeka. Siku tupa ilipomteleza, aliiweka mezani akamwambia binti yake huyo, ambaye alikuwa ameshapata leseni, "Mkono huu siuamini tena. Chukua funguo." Mwaka jana figo zikamlaza.

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2023, binti alikuwa kando ya kitanda hospitalini.

"Ile ya mwindaji uliyoitoa jana, uligonga?"

"Niligonga, Baba."

"Mara ngapi?"

Binti aliinua vidole viwili. Jana hiyo, alipofika ya pili, hospitali ilikuwa imempigia simu kwamba baba amezidiwa. Mwindaji alikuwa dukani akisubiri, naye akampa bunduki akaondoka mbio.

"Nenda," marehemu alisema.

"Baba, siwezi kukuacha hivi."

"Mimi nilimwacha mama yako leba. Nenda, mama."

Alikwenda hadi nyumbani kwa mwindaji. Alimkuta akipakia gari la safari. Bunduki, tayari na risasi ndani, ilikuwa imelazwa kiti cha nyuma, mtutu ukielekea kiti cha mbele ambako mkewe alikuwa ameshakaa, anafunga mkanda. Binti alimwomba ashuke kwanza. Ndipo akaitoa bunduki, akatoa risasi, akaikoki, akagonga. Mara ya tatu pini ilidondoka.

Marehemu alifariki saa nne na dakika arobaini. Binti alifika dakika kumi na tano baadaye. Mama yake alimwambia kuwa swali la mwisho lilikuwa, "Amefika?" Aliinama kwenye sikio la baba yake akamwambia, "Nilifika, Baba. Ilidondoka."

Ameacha mjane, binti anayewasomea wasifu huu, mtoto wa kiume mmoja na wajukuu watano. Yule askari wa lori, ambaye sasa amestaafu, yuko nasi hapa mbele. Nyuma yake wamekaa mwindaji na mkewe, wote wawili.

Fundi wetu, pumzika kwa amani. Kazi imekaguliwa.