Neno Lililorudi Katika Andiko la Shule Yetu

Mwezi wa tatu mwaka 1993, katika juma moja, shule hii ilipoteza walimu kumi na wawili kati ya kumi na tisa. Naanza na hilo, Mheshimiwa Mkuu wa Komini, Baba Paroko, tata Banza Louis mwalimu wetu mzee, na wazee mlioketi mbele, bamama wa soko, ndugu wageni waalikwa, kwa sababu chumba hiki cha kompyuta tunachokifungua leo kimezaliwa tulipoanza kuandika pamoja habari za juma lile.

Mnanijua. Mimi ni Ndaya, mwenyekiti wa chama cha wazazi. Migodi ilikuwa imesimama, mishahara imekatika, na wenye njaa wakaonyeshwa jirani wa kumlaumu: sisi wa asili ya Kasai tuliozaliwa hapa Kolwezi. Nilipandishwa behewa nikiwa darasa la tano, nikapelekwa Kasai, “kwetu”, mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika. Nilirudi mikono mitupu, nikauza makala, makaa ya kupikia kutoka Mutshatsha, na leo nauza misumari na mabati. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna kitu cha bure, kwanza namtazama mikono.

Ndivyo nilivyomtazama Gracien, fundi umeme wa Dilala, alipokuja kusema kwamba ombi letu la ufadhili wa paa na karakana tungeweza kuliandika pamoja, waliobaki na waliofukuzwa, kila mmoja akiwa kwake, kwa programu huria. Nikamuuliza mwenye programu hiyo ni nani.

“Mama, haina mwenyewe mumoja. Batu bengi baliitengeneza. Ukitaka, unafungula unaona vile iko mu ndani.”

Ndugu zangu, katika nchi hii ya mashimo yenye uzio na walinzi, ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa afungue aone ndani?

Jumamosi ya kwanza tuliingia watu tisa katika ukurasa mmoja, kila mtu na rangi yake. Saa nzima, hata neno moja. Kumbe tulikuwa tunamngojea tata Louis amalize, maana mkubwa hakatwi maneno. Na tata Louis alikuwa ameacha kompyuta wazi, amekwenda kula bukari. Unacheka, tata, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ikaja rangi ya buluu. Ni yaya Mulumba, kaka yangu mkubwa, mwalimu wa shule hii hadi mwaka ule, ambaye hajakanyaga Kolwezi tangu alipotolewa. Kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, mbele ya macho yangu, herufi zikawa zinajipanga: “Walimu kumi na wawili walifukuzwa.” Niliweka mkono kwenye kioo. Umbali wote ule wa reli, na ndugu yangu alikuwa anaandika chini ya kiganja changu.

Juma lililofuata tulikuta “walifukuzwa” limegeuzwa “waliondoka”. Buluu ikanyamaza, na simu zangu Mulumba hakuzipokea.

Gracien akatuonyesha jambo ambalo bado linanisimamisha nywele: programu ile haimezi kitu. Kilichoandikwa, kilichofutwa, na aliyekifuta, vyote vimo, na unaweza kurudi nyuma ukavitazama. Nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi ilifutwa, jina la baba likafutwa kazini, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma kutuonyesha mkono uliofuta. Hapa mkono ulionekana. Ulikuwa wa tata Louis.

Hakukana. Alituambia aliogopa: mfadhili angetuona watu wa ugomvi, komini ingetunyima muhuri, na mvua zingewakuta watoto tena chini ya mabati yaliyotoboka. Ni nani angemcheka? Yeye ni mmoja wa wale walimu saba waliobaki.

Alhamisi iliyofuata, mchana, tukiwa ukurasani, “waliondoka” likaanza kufutika, herufi moja moja. Mahali pake likaja, kwa kidole kimoja, polepole: “walifukuzwa, nami nilikuwa nawaona.” Tukangoja. Hakuna aliyemkata. Ndipo buluu ikatokea chini yake: “Na Louis ndiye aliyelinda madarasa yetu yasivunjwe, akafundisha bila mshahara.”

Nimeona magari makubwa yakihamisha mlima. Sijaona kitu kikubwa kama mistari ile miwili.

Sasa, Mheshimiwa. Andiko linaondoka Jumatatu, na bila barua yako ya kuthibitisha shule halitasomwa. Ofisi yako imetuambia kwa mdomo kwamba barua itatoka neno lile “walifukuzwa” likitoka. Sisemi ni ubaya. Labda ni woga, kama ule wa tata Louis, na umesikia jinsi woga ule ulivyofutika.

Nakushukuru kwa kuja. Nawashukuru nyote mlionivumilia kwa masikio yenu. Ijumaa, saa sita ya mchana, nitakuwa mbele ya meza yako, mimi na tata Louis, na Mulumba akiwa ukurasani. Neno halitoki. Muhuri utapiga, ndiyo au hapana?