Mama Vifungo, Aliyezipungia Droni Mkono

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa injini na mkewe. Waliokuwepo walisema alikuja na sauti kubwa, na sauti hiyo hakuipunguza mpaka mwisho.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akajifunza ushonaji kwa shangazi yake. Mwaka 1979 alifungua chumba chake cha cherehani. Humo alishona sare za shule, akagombana na wateja, akapatana nao kabla hawajafika mlangoni. Kwa kushona kifungo kilichokatika hakumtoza mtu, ndipo jina likamkaa.

Mwaka 1981 aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole aliyemwachia yeye maneno yote ya nyumba. Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alitangulia mwaka 2011.

Ofisi ya ulinzi ilipoleta droni za kamera mtaani, yeye ndiye aliyezitetea kwenye mkutano wa mtaa. Ni vidude vidogo vya bei rahisi, kundi zima likizunguka juu ya mapaa mchana kutwa. Kimoja kikianguka, kingine kinashika zamu. Majirani walinung'unika kwamba wanachunguliwa. Akawajibu, "Mie mjane, naanika nguo peke yangu juu ya paa. Nikianguka nani ataniona? Si hizo?" Kila asubuhi alizipungia mkono. Kuna siku droni moja ilitumbukia kwenye beseni lake la kufulia. Aliifuta, akaifunga kwa kitambaa kama kichanga, akaipeleka ofisi ya ulinzi. "Mtoto wenu kaanguka," akawaambia. Karani akacheka: "Itupe tu, mama. Ziko tele." Alirudi nyumbani amenuna, lakini kesho yake akapunga tena.

Miaka ya mwisho alisumbuliwa na presha. Asubuhi ya tarehe 17 Juni 2025 alianguka juu ya paa, chini ya kamba ya nguo. Droni zilipita juu yake asubuhi nzima. Hakuja mtu. Jirani yetu, fundi viatu, alimkuta saa nane mchana, bado anapumua, na akafariki njiani kwenda hospitali. Daktari alisema angewahishwa, angepona. Tafadhali, asije mtu kutuambia ni mapenzi ya Mungu. Ya Mungu tunayajua, na haya si yake.

Tulikwenda ofisi ya ulinzi kudai maelezo. Msimamizi alituonyesha picha za mama kalala kando ya beseni, kisha akasema bila haya: "Mitambo imepangwa itoe kengele ikiona watu wamekusanyika. Marehemu alikuwa peke yake." Dada yetu mkubwa akamwuliza, "Kwa hiyo angetafuta wa kuanguka naye?" Tuna hasira, na hatuionei haya. Tulitoka pale bila hata pole.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mmoja, na sare za watu ambazo hazijaisha kushonwa.

Haya tuliyaandika jana, lakini tunajua: leo tumekusanyika, kwa hiyo droni zimekuja. Ziko juu yetu sasa hivi. Tunaomba mtu yeyote asizipungie mkono. Mama alikwisha kupunga vya kutosha.

Apumzike kwa amani, asichunguliwe tena.